Mkunga Aliyekuwa Waziri

Magharibi ya kisiwa cha Mombasa, maji ya bahari huingia ndani ya bara na kufanya bandari ya asili iitwayo Port Reitz. Jina hilo lilitokana na John James Reitz, afisa kijana wa manowari za Uingereza, ambaye mwaka 1824 aliachwa Mombasa awe mkuu wa Waingereza, wakati Mazrui walipojiweka chini ya bendera yao. Alikuwa na cheo, alikuwa na silaha, na nyuma yake palikuwa na dola kubwa. Lakini haikupita hata miezi minne, akashikwa na homa katika safari ya upande wa Pangani, akafa. Leo, upande wa Changamwe, hospitali ya serikali huitwa kwa jina hilo hilo, na kina mama wengi wameingia humo mmoja mmoja wakatoka wawili wawili. Jina moja, basi, latukumbusha mambo mawili: kwamba cheo hakizuii homa, na kwamba maisha ya mtu huokolewa na elimu na mikono ya mtu mwenziwe.

Je, mwenye elimu ya kuokoa maisha akipewa na cheo cha kutawala, vitu hivyo viwili atavipatanishaje? Swali hili lilimfikia mwanamke mmoja wa Kisomali, Edna Adan Ismail, na maisha yake ndiyo jibu lake.

Edna alizaliwa Hargeisa mwaka 1937, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Uingereza. Baba yake, Adan Ismail, alikuwa mtu wa kazi ya utabibu, na binti alipenda kumfuata hospitalini na kumsaidia kwa kazi ndogo ndogo. Siku zile watoto wa kike hawakuwa na shule katika nchi yao. Kwa hiyo alipelekwa Jibuti kusoma. Alipokuwa mtoto wa miaka ipatayo 8, na baba yake hayupo nyumbani, wanawake wa ukoo walimkeketa kwa kufuata mila. Baba aliporudi alihuzunika na kukasirika sana. Kwa huzuni ile mtoto alitambua kwamba alilotendewa halikuwa la haki, ijapokuwa kila mtu aliliita desturi. Hakulisahau.

Mwaka 1954 alipata msaada wa masomo, akaenda London kujifunza uuguzi na ukunga. Alirudi mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, akiwa mkunga wa kwanza wa Kisomali mwenye mafunzo kamili. Alirudi na elimu, lakini hakukuta nafasi iliyowekwa kwa mwanamke. Alifanya kazi hospitalini kwa miezi mingi bila mshahara, kwa sababu wenye madaraka hawakuwa tayari kumwandika mwanamke kazini. Mwingine angaliweza kurudi Ulaya, mahali alipokwisha kuzoea. Yeye alibaki. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Naye aliona kwa macho yake wazazi waliokuwa wakifa kwa maradhi ambayo mkunga mwenye ujuzi angeyatambua mapema.

Aliolewa na Mohamed Haji Ibrahim Egal, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Somalia toka 1967 mpaka 1969. Hivyo mkunga akawa mke wa mkubwa wa serikali, na mwaka 1968 alipokewa pamoja na mumewe katika ikulu ya Marekani. Lakini fahari ya dunia ni kivuli cha asubuhi. Oktoba 1969 jeshi lilitwaa serikali, na Egal akatiwa gerezani. Cheo kilipoondoka, ukunga haukuondoka. Edna aliendelea na kazi ya afya, kwanza katika nchi yake, kisha katika Shirika la Afya Ulimwenguni. Toka mwaka 1976 alianza kusema hadharani juu ya madhara ya ukeketaji, jambo ambalo wakati huo watu waliona haya hata kulitaja.

Mwaka 1988 vita vilifika Hargeisa. Mji ulipigwa mabomu na majeshi ya serikali yake yenyewe, na watu kwa maelfu wakakimbilia Ethiopia. Mwaka 1991 Somaliland ilitangaza kujitenga, lakini mji ulikuwa magofu, na wauguzi wengi walikuwa wamekufa au wametawanyika. Edna alipostaafu mwaka 1997, hakutafuta raha ya uzee. Alipewa kiwanja kilichokuwa jaa la takataka. Akauza mali yake, akatoa akiba yake, akaanza kujenga. Hospitali ya wazazi ilifunguliwa Machi 2002, naye akafanya makao yake humo humo ndani.

Mwaka ule ule aliitwa serikalini, akawa waziri wa mambo ya jamaa na maendeleo ya jamii, mwanamke pekee katika baraza. Toka 2003 mpaka 2006 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, kazi ngumu kupita kiasi, kwa maana siku zile hakuna taifa lililoitambua nchi yake. Alibisha milango ambayo haikumfungukia.

Tukipima, je, kazi ipi ilikuwa kubwa? Uwaziri ulikwisha, lakini wakunga aliowafundisha waliendelea kwenda mijini na vijijini. Hata hivyo si haki kudharau utawala. Mkunga aweza kumponya mwanamke mmoja aliyekeketwa. Sauti ya wenye mamlaka yaweza kumkinga asiyekeketwa bado. Mwaka 2018 wizara ya dini ya Somaliland ilitoa fatwa ya kukataza namna kali za ukeketaji, miaka zaidi ya 40 tangu Edna alipoanza kusema. Mikono na mamlaka, basi, ni kama makasia mawili: likivuta moja tu, chombo huzunguka pale pale.

Wala hakuwa peke yake. Daktari Hawa Abdi, aliyefariki mwaka 2020, aligeuza shamba lake karibu na Mogadishu kuwa hospitali na kimbilio la watu wengi wakati wa vita. Daktari Maryan Qasim aliacha maisha yake ya Uingereza akawa waziri Mogadishu mwaka 2010. Edna mwenyewe alipewa tuzo ya Templeton mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 85.

Msomaji kijana, ukipita Port Reitz ukaliona jina lile, kumbuka kwamba afisa aliacha jina juu ya maji, na mkunga aliacha watu walio hai. Cheo ni nguo ya kuazima: siku moja mwenyewe huitaka. Elimu uliyoitia mikononi mwako haidaiwi na mtu. Jifunze kwanza kazi itakayowafaa wenzako. Na cheo kikikujia baadaye, kifanye mtumishi wa kazi hiyo.