Unguja na Maskati: Masafa na Muda

Baina ya Unguja na Maskati pana masafa ya kilomita zipatazo 3,900 kwa njia ya angani. Ndege iendayo moja kwa moja huyakata kwa kiasi cha saa tano. Abiria aliyesali alfajiri Unguja aweza kuiwahi adhuhuri Maskati.

Wazee wetu hawakuyahesabu masafa hayo kwa kilomita wala kwa saa. Waliyahesabu kwa pepo. Kaskazi, ivumayo kuanzia Disemba hadi Machi, ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba. Kusi ndiyo iliyoyarudisha. Upepo ukiwa mwema, chombo kilifika kwa wiki tatu au nne. Lakini nahodha aliyekosa musimu hakuchelewa siku moja au mbili, alisubiri miezi. Na kusi yenyewe ilipochacha, Juni na Julai, hakuna aliyethubutu kutweka tanga kuivuka bahari kuu.

Muda huo haukuwasumbua wafanya biashara peke yao. Ulizigusa hata enzi za wafalme. Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa amehamishia makao yake Unguja, alitawala pande zote mbili za bahari na ilimbidi asafiri baina yao. Oktoba 1856, akirejea kutoka Maskati katika manowari yake Victoria, alifariki dunia karibu na Ushelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye chomboni, hakukubali baba yake azikwe baharini. Aliurejesha mwili Unguja.

Hapo ndipo masafa yalipofanya kazi yake. Majid alikuwa Unguja, akashika utawala mara moja. Thuwaini alikuwa Maskati, na habari za msiba zilikuwa bado hazijamfikia. Kaskazi ilikuwa inakaribia, nayo huwaleta watu Unguja; haiwachukui kwenda Uarabuni. Kila ndugu akabaki na upande aliokuwapo. Mwaka 1859 Thuwaini alitayarisha merikebu za kuishambulia Unguja, Waingereza wakamzuia. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala mkuu wa Kiingereza huko India, alikata shauri: dola ziwe mbili, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka.

Ugomvi wa ndugu ulikuwapo, na mkono wa Waingereza ulikuwapo. Lakini bahari iliwapa wote nafasi. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Lau ungalikuwapo miaka ishirini na mitatu kabla, habari za kifo cha Seyyid Said zingalifika Maskati mapema zaidi, na huenda mambo yangalikwenda njia nyingine.

Kilichogawanywa kwa hati hakikugawanyika majumbani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa wengi waliondoka Unguja, na baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje, wengi wao walikwenda kuishi huko. Hadi leo Kiswahili husikika majumbani Maskati, na arusi ya upande mmoja hungoja wageni wa upande wa pili.

Wageni hao hawaulizi tena kama kusi imeanza. Huuliza nauli na ruhusa ya kuingia nchi. Njia imefupika mno, lakini asiye na viwili hivyo bado hungoja, kama alivyongoja nahodha aliyekosa musimu.