Safu Isiyokuwamo: Lugha ya Maskini katika Daftari za Ayalandi

Sheria ya Kuwasaidia Maskini wa Ayalandi ilipitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1838. Kwa mujibu wake nchi iligawanywa katika miungano 130, kila mmoja ukiwa na bodi ya walezi na nyumba kubwa ya kuwahifadhi mafukara. Sheria iliiita nyumba hiyo kwa jina la kazi. Wasemaji wa Kiayalandi waliiita *teach na mbocht*, nyumba ya maskini. Ndani yake mume alitengwa na mkewe, na watoto waliozidi miaka miwili wakatengwa na mama zao.

Kila aliyepokewa aliandikwa daftarini. Karani alijaza jina, jinsia, umri, hali ya ndoa, kazi, dhehebu, ulemavu, hali ya mtu alipofika, kitongoji alikotoka, siku aliyoingia na siku aliyotoka au kufa. Safu ya lugha haikuwamo. Katika mhadhara huu ninadai kwamba pengo hilo ndilo litakalotuongoza katika kuzisoma daftari hizi, hasa sasa ambapo nyingi, zikiwamo za miungano miwili ya Dublin, zimetiwa katika mfumo wa kidijitali na kuonekana rahisi mno kupekuliwa.

Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, iliyosababishwa kwanza na ugonjwa wa viazi, iliua takriban watu milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Kipindi hicho huitwa kwa Kiayalandi *an Drochshaol*, maisha mabaya. Mwaka 1847 sheria iliongezewa kifungu kilichomnyima msaada yeyote aliyekalia zaidi ya robo ekari, mpaka aiachie ardhi hiyo. Kwa hiyo jina la kitongoji lililoandikwa na karani huenda likawa ndiyo alama ya mwisho kwamba ukoo fulani ulipata kuishi mahali pale. Nyumba zilizokusudiwa watu wapatao 100,000 zilifurika. Sensa ya 1851 iliwakuta humo watu wapatao 250,000.

Sensa hiyo ndiyo ya kwanza nchini humo kuuliza habari za lugha, na ilihesabu wasemaji wa Kiayalandi takriban milioni moja na nusu. Lakini takriban fomu zake zote ziliteketea Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoiangamiza Ofisi ya Kumbukumbu za Umma jijini Dublin. Zilizosalia ni jumla zilizokwisha kuchapishwa. Daftari za maskini, kwa kuwa zilitunzwa huko huko wilayani, nyingi zilinusurika. Basi tunazo hesabu za wasemaji bila ya majina yao, na tunayo majina bila ya kujua wenyewe walisema nini.

Hata majina yenyewe hayakutufikia salama. Karani aliandika kwa Kiingereza alichokisikia au alichokitafsiri. Ukoo wa Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, huonekana mahali pengine kama McGowan, na pengine kama Smith, tafsiri ambayo haikubakiza hata sauti moja ya jina la asili. Wanaosoma miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu wanaujua umbali uliopo baina ya sauti na herufi. Lakini mwandishi wa miswada ile aliandika lugha yake mwenyewe, kwa wasomaji wake. Anayetafuta Mac Gabhann katika faharasa ya kompyuta hataambiwa kwamba Smith ndiye. Ataambiwa tu kwamba hakuna.

Njia iliyobaki haipiti katika jina. Majedwali ya lugha ya 1851 yalichapishwa kwa kufuata tarafa za zamani, nayo daftari hutaja kitongoji. Kitongoji kikioanishwa na tarafa yake, twaweza kukadiria, ingawa si kuthibitisha, iwapo mjane fulani wa Donegal aliyajibu maswali ya karani kwa lugha yake au kwa lugha ya kuazima. Kazi hiyo ni ya polepole, tena haifanyiki kwa faharasa inayonakili jina, umri na tarehe peke yake. Ni lazima kuifungua picha ya ukurasa wenyewe na kusoma mstari mzima, hadi safu ya kitongoji.