Upangaji wa paneli za jua paani (Marekani)

Upangaji wa paneli za jua paani ni kuamua sehemu ipi ya paa ifunikwe na ipi iachwe wazi. Katika nyumba za Marekani jua si mwamuzi pekee. Nyumba inapoungua, zimamoto hupanda paani na kulitoboa karibu na mgongo wake ili moshi na joto vitoke, na wenzao walio ndani wapate kuona. Hapo hapo ndipo fundi wa sola angependa kuweka safu ya juu.

Jimbo la California lilitoa mwongozo kuhusu suala hili mwaka 2008. Masharti ya aina hiyo yakaingia katika Kanuni ya Kimataifa ya Moto ya mwaka 2012, ambayo licha ya jina lake hutumika hasa Marekani. Toleo la 2018 linataka njia mbili kwenye miteremko tofauti ya paa, kila moja yenye upana wa sentimita 91 au zaidi, kutoka ukingo wa chini hadi mgongoni. Moja iwe upande wa barabara au wa njia ya gari. Paneli zisipozidi theluthi moja ya paa, huachwa sentimita 46 kila upande wa mgongo. Zikizidi, sentimita 91. Nyumba yenye vinyunyizio vya kuzimia moto huruhusiwa kufika theluthi mbili kabla ya sharti kukazwa. Sehemu ya paa iliyo chini ya dirisha la kutorokea haiwekwi paneli kabisa. Majimbo na miji huchagua toleo na kulirekebisha, kwa hiyo vipimo hutofautiana.

Hofu ya umeme nayo ni ya kweli. Kukata umeme wa gridi hakuzimi paneli: mradi jua linawaka, nyaya zake zina umeme. Ndiyo maana Kanuni ya Taifa ya Umeme ya 2014 ilileta swichi ya kuzima haraka. Mwaka 2013 ghala moja la Delanco, New Jersey, liliteketea huku paneli zaidi ya 7,000 zikiwazuia zimamoto kupanda paani.

Paa pana la miteremko miwili humudu masharti haya. Paa la vipande vidogo vingi hupoteza nafasi kubwa, na mwenye nyumba hulalamika. Lakini lawama ni ya mchoro, si ya kanuni. Tangu 2020 California inataka sola kwenye nyumba nyingi mpya, hivyo njia za zimamoto zichorwe pamoja na paa lenyewe, kabla ya paneli kuhesabiwa.