Njia za Upepo na Bonde la Msimbazi

Mji wa Dar es Salaam huielekea bahari, na mto wake huupitia kwa nyuma. Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Kigogo hata Jangwani, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander, penye mikoko. Wakati wa kiangazi ni kijito tu. Masika ikifika, hulidai bonde zima.

Katika historia ya mji huu ardhi iliyoachwa wazi haikuachwa kwa ajili ya maji. Sheria ya Wajerumani ya 1891 iliugawa mji kwa namna ya majengo. Waingereza wakaja kuugawa katika maeneo matatu, ambayo kwa vitendo yalikuwa ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo nyumba ziliondolewa, pakabaki uwanja wa Mnazi Mmoja. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Waliobomolewa nyumba hawakukosa kuitambua ile isiyotajwa. Lakini uwanja hauna utii kwa aliyeupima: katika miaka ya 1950 TANU ilifanya mikutano yake papo hapo.

Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ilichora ramani mpya ya mji, na ndani yake mlikuwamo njia za upepo, yaani kanda za majani na miti zilizokusudiwa kuuleta upepo wa bahari hadi katika makazi. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Katika mji wenye joto na unyevu, upepo usiozuiliwa na kuta ni tiba, na ardhi isiyosakafiwa huyanywa maji ya mvua. Lakini kanda zizo hizo ndizo zilizotenga makazi ya watu wa rangi mbalimbali. Busara na ubaguzi viliandikwa kwa kalamu moja, na baada ya Uhuru haikuwa rahisi kukitupa kimoja na kukihifadhi kingine.

Ramani ya 1968 nayo ililiacha bonde wazi, ila mji haukuisubiri ramani. Wakazi walikuwa wapatao 270,000 mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Waliojenga bondeni hawakuwa wajinga wa mafuriko. Walitafuta kiwanja cha bei wanayoimudu, karibu na Kariakoo palipokuwa na riziki, wala hawakuonyeshwa pengine pa namna hiyo. Kuiita ardhi ya hatari ni rahisi kwa mtu ambaye nauli haimsumbui.

Desemba 2011 mvua iliyosemekana kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954 iliua watu zaidi ya 40. Baadhi ya walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zilibomolewa kwa nguvu.

Kwa mabadiliko ya tabia ya nchi, ambayo huleta mvua nyingi kwa muda mfupi, bonde limerudi kutazamwa kama chombo cha mji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa Msimbazi. Humo mto hupanuliwa na kuchimbwa, Daraja la Jangwani huinuliwa, na sehemu kubwa ya chini hufanywa bustani ya umma: mahali pa kutembea siku za jua, na pa kufurika siku za mvua bila kuua mtu. Safari hii fidia kwa kaya zinazohama iliingizwa katika mradi wenyewe.

Ila bustani ya chini haiwezi kufanya kazi ya vilima vya juu. Kila miti inapokatwa Pugu na kila kingo inapochimbwa, mchanga hushuka hadi Jangwani, hukijaza kitako cha mto, na maji hutafuta njia nyingine. Kariakoo iko jirani.