Kiko cha Bwana Msa, miaka 65 baadaye

Mwaka 2025 riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ilitimiza miaka 65 tangu ichapishwe. Hapa Kyela sikusikia mtu akiitaja, na hilo limeniuma.

Nakala niliyoisoma ilikuwa ya baba, haina jalada. Nilikuwa darasa la sita, Ipinda, wakati wa masika, maji ya mto Mbaka yamefunika mpunga pamoja na njia ya shuleni. Bibi yangu hakukijua Kiswahili vizuri, basi nilisoma huku nikimfasiria kwa Kinyakyusa. Tulipofika pale maiti ya Bwana Ali inapokutwa mzimuni bila kichwa, alinyamaza kimya. Alikuwa amelelewa kuuheshimu msitu wa matambiko wa Lubaga, kwa Lwembe, shujaa wa kale anayetambikiwa na Wanyakyusa. Halafu akauliza: kama ni abasyuka, mizimu ya wahenga, kichwa wamekipeleka wapi? Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hii, angempenda sana bibi yule.

Mtunzi, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mtu wa magazeti, akahariri hata Mkulima, jarida la kilimo. Kisa hiki kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, kikatoka kitabu mwaka 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vinginevyo.

Ubishi juu ya Bwana Msa haujaisha. Wapo wanaosema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamishiwa Unguja: ana kiko, ana rafiki yake Najum wa kumshangaa, na yupo Spekta Seif wa polisi. Kufanana kupo, sikatai. Ila wanaoishia kwenye kiko hawajasikiliza mazungumzo. Bwana Msa anafikiri kwa mdomo, kwa utani na mafumbo, kama watu wazima barazani. Anamchokoza Najum mpaka ukweli unajitokeza wenyewe. Hayo hayakutoka London.

Tena waandishi wa Kiingereza wenyewe wameazimana sana. Ngaio Marsh, mzaliwa wa New Zealand, aliweka mauaji jukwaani katika Enter a Murderer mwaka 1935. Mwaka 1975 Simon Brett akamleta Charles Paris, mwigizaji mpenda pombe anayepeleleza vifo vya wasanii wenzake huku akitafuta kazi. Wasomaji walicheka, na hakuna aliyemdai Brett hati ya urithi wa Conan Doyle, mtunzi wa Holmes. Mwaka huohuo Abdulla alitoa Mke Mmoja Waume Watatu. Kwake waigizaji hawahitaji pazia: ni majirani wanaoficha nasaba, na swali kubwa ni nani mtoto wa nani. Kwa nini yeye tu ndiye aitwe mwigaji?

Katika riwaya za upelelezi Abdulla alifuatwa na wengine: Faraji Katalambulla alikuja na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, na Ben Mtobwa na wake, Joram Kiango. Kazi zao zikapachikwa jina la fasihi pendwa, na kwa baadhi ya wasomi jina hilo lilikuwa tusi. Siku hizi ukiingia duka la vitabu mjini Kyela utapewa vitabu vya kiada na madaftari, si riwaya hizo.

Nakala ya baba bado ninayo. Nimeishona upya kwa uzi wa nyavu niliopewa na mvuvi wa Matema. Binti yangu ameanza kuisoma juzi. Amefika kwenye maiti, na anataka kujua kichwa kiko wapi.