Elimu ya Nafsi Katika Nyumba za Watawa

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi Kanisa Katoliki lilivyoipokea elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa saikolojia, katika maisha ya watawa, tangu mwisho wa karne ya 19 hata mwanzo wa karne hii. Watu wengi hulieleza jambo hili kama ugomvi wa imani na sayansi, ambao mwisho wake imani ilichoka ikakubali. Maelezo hayo hayatoshi. Mtu akizitazama hati zenyewe, na maisha ya watu waliohusika, ataona kwamba suala zito halikuwa kama saikolojia ina kweli ndani yake au haina. Suala lilikuwa hili: ni nani mwenye haki ya kujua yaliyomo ndani ya nafsi ya mtu mwingine, na ayajue kwa ajili gani?

Kwanza yafaa tuyatazame maneno. Nafsi ni neno tulilolipata kwa Kiarabu, na Kiswahili kimelipa kazi nyingi. Mwanasarufi husema nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katekisimu hufundisha Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Mtu wa kawaida husema "mimi nafsi yangu," maana yake mimi mwenyewe, si mwingine. Roho, neno lenye asili hiyo hiyo ya Kiarabu, huchukua maana ya uhai na ya kile kisichokufa. Moyo, neno letu la Kibantu, ni makao ya nia, huzuni na ushujaa. Kwa hiyo anayesema "elimu ya nafsi" hasemi elimu ya roho isiyokufa. Asema elimu ya mtu mwenyewe, jinsi anavyohisi, anavyokumbuka na anavyoogopa. Lugha za Ulaya hazikuwa na nafuu hiyo. Jina la saikolojia latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya roho, na si ajabu mchaji akisikia jina hilo adhani kwamba wataalamu wamekuja kuipima roho kwa saa na mizani.

Walakini kuchunguza mienendo ya ndani hakukuwa jambo geni katika utawa. Evagrius wa Ponto, aliyekufa Misri mwaka 399, aliyapanga katika mafungu manane mawazo yanayowasumbua wamonaki wa jangwani, likiwamo lile la uchovu wa moyo unaomjia mtu adhuhuri, akachukia chumba chake na kazi yake. Yohane Kasiano aliyapeleka mafundisho hayo nchi za magharibi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, katika sura ya 58 yaagiza kwamba mgeni anayeomba kuingia asikubaliwe kwa urahisi, bali aachwe kwanza abishe mlangoni siku kadhaa. Kanuni hiyo hiyo, katika sura ya 46, yasema kwamba mwenye kosa lililofichika moyoni alifunue kwa abati au kwa wazee wa kiroho wanaojua kuponya majeraha bila kuyatangaza. Naye Teresa wa Ávila, aliyefariki mwaka 1582, katika kitabu chake cha habari za kuanzisha nyumba za watawa, aliweka sura nzima juu ya masista wenye ugonjwa wa majonzi, na namna mkuu anavyopaswa kuwatunza na kuwaongoza. Basi mambo mawili yalikuwako tangu zamani: kumjaribu aingiaye, na kuitunza siri yake.

Mwaka 1879 ulileta matukio mawili ambayo hayakuonekana kuwa na uhusiano. Huko Leipzig, Ujerumani, Wilhelm Wundt alifungua maabara ya kuchunguza mambo ya akili kwa majaribio. Huko Roma, tarehe 4 Agosti, Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wa Aeterni Patris, akaagiza falsafa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino irudishwe katika vyuo vya Kikatoliki. Thoma alifundisha kwamba binadamu ni kitu kimoja cha mwili na roho, wala si roho iliyofungiwa katika mwili kama ndege katika tundu. Kwa mafundisho hayo, linaloupata mwili laigusa nafsi, na mwenye kuchunguza hisia na kumbukumbu haibi mali ya mwanateolojia. Hivyo ndivyo alivyofahamu padre Désiré Mercier wa chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Katika miaka ya 1890 chuo chake cha falsafa kilikuwa na maabara yake cha saikolojia. Kadhalika padre Edward Pace, Mmarekani, alisoma kwa Wundt mwenyewe, akapata shahada yake mwaka 1891, kisha akaanzisha maabara katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Amerika, mjini Washington.

Wakati huo huo Roma ilitoa amri nyingine, ambayo haitajwi sana na waandishi wa historia ya saikolojia, ingawa kwa maoni yangu ndiyo iliyoweka msingi. Tarehe 17 Desemba 1890 ilitolewa amri iitwayo Quemadmodum. Katika baadhi ya mashirika ya masista, na ya wanaume wasio mapadre, wakuu walikuwa wamezoea kuwalazimisha walio chini yao kuwafunulia dhamiri zao. Amri ilikataza kabisa mazoea hayo. Mtawa aliruhusiwa kumfungulia mkuu moyo wake akipenda mwenyewe, lakini mkuu hakuruhusiwa kudai. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ililieneza katazo hilo kwa wakuu wote wa watawa. Hapakuwa na neno la saikolojia katika amri ile. Hata hivyo ilisema kwa uwazi kwamba nadhiri ya utii, pamoja na uzito wake wote, haifiki hata chumba cha ndani cha mtu.

Mtu aliyeonyesha kwa maisha yake mwenyewe kwamba imani na elimu hii vyaweza kukaa nyumba moja ni Thomas Verner Moore. Alizaliwa mwaka 1877 katika jimbo la Kentucky, Marekani, akaingia katika shirika la mapadre wa Kipaulisti, akasoma saikolojia kwa Pace, kisha akaenda Leipzig. Hakutosheka na vitabu. Alisomea udaktari wa tiba, akahitimu katika chuo cha Johns Hopkins mwaka 1915, na mwaka uliofuata akafungua kliniki ya magonjwa ya akili katika hospitali moja ya Kikatoliki ya Washington. Baadaye alijiunga na Wabenediktini, akawa miongoni mwa waanzilishi wa nyumba yao mjini humo mwaka 1924. Mchana alifundisha na kutibu. Saa za sala alikuwa na ndugu zake.

Mwaka 1936 Moore alichapisha makala mawili katika jarida la mapadre wa Marekani juu ya ugonjwa wa akili kwa mapadre na watawa. Hesabu zake zilionyesha kwamba kwa jumla waliougua walikuwa wachache kuliko katika watu wote wa nchi. Lakini hakuishia katika kulisifu Kanisa lake. Alisema pia kwamba wako vijana ambao ugonjwa umekwisha kuanza ndani yao, na ambao huvutwa na utawa kwa sababu watafuta kimbilio. Nao yafaa watambuliwe kabla ya kupokewa, kwa ajili yao wenyewe na kwa ajili ya jamaa itakayowapokea. Hapo mlango wa Benedikto ulipata bawabu mpya. Moore mwenyewe, alipokwisha kustaafu mwaka 1947, hakwenda kupumzika: alijiunga na Wakartusi huko Burgos, Hispania, shirika la upweke na ukimya kupita yote, na katika shirika hilo ndimo alimofariki mwaka 1969.

Bawabu akiisha kuwekwa, kazi yake lazima iwekewe mpaka. Tarehe 10 Aprili 1958 Baba Mtakatifu Pius XII alihutubia mkutano wa wataalamu wa saikolojia uliofanyika Roma. Hakukataa vipimo vya tabia, wala hakuviogopa. Alisema kwamba mtaalamu hana ruhusa ya kupenya ndani ya nafsi ya mtu bila ridhaa yake, na kwamba hata ridhaa yenyewe ina mpaka, kwa kuwa mtu si bwana kamili wa nafsi yake hata aweze kuigawa apendavyo. Twaona kwamba fikira ile ile ya mwaka 1890, iliyoelekezwa kwa wakuu, sasa ilielekezwa kwa wataalamu.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 15 Julai 1961, Ofisi Takatifu ilitoa onyo kali juu ya uchambuzi wa nafsi uliotokana na Sigmund Freud. Mapadre na watawa walikatazwa kuutumia, au kuuendea, bila ruhusa ya wakuu wao. Na ilikataliwa rai ya wale waliosema kwamba kila mwenye kuomba upadre au utawa lazima kwanza achambuliwe. Mwaka huo huo, karibu na mji wa Cuernavaca, Meksiko, mkuu wa monasteri ya Wabenediktini, Gregorio Lemercier, Mbelgiji, alianza kuwaingiza wamonaki wake katika uchambuzi wa makundi chini ya wataalamu wawili. Alitaka kila mmoja ajue kama amekuja kwa wito au kwa kuikimbia dunia. Nia hiyo haikuwa mbaya. Ni karibu na swali la Moore. Lakini mwaka 1967 Roma ilimkataza kuendelea, na Lemercier pamoja na wamonaki wengi wakauacha utawa, na monasteri ikafungwa.

Wako wanaosema kwamba tukio lile lathibitisha kuwa saikolojia huua wito. Na wako wanaosema kwamba lathibitisha woga wa Roma. Naona pande zote mbili zaliruka jambo lenyewe. Katika nyumba ambamo mkuu, mwenye kupokea nadhiri na kuamuru, ndiye pia mwenye kuitetea tiba, mnovisi kijana ana uhuru gani wa kusema "mimi sitaki"? Hata kama hakuna aliyemlazimisha kwa maneno, heshima na utii humlazimisha. Uchambuzi ukiwa mzuri namna gani, bila uhuru huo umekwisha kuvunja mpaka wa mwaka 1890.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kuamua kwa utulivu zaidi. Hati ya watawa ya tarehe 28 Oktoba 1965, Perfectae Caritatis, katika fungu la 12 yataka wanaojifunga kwa nadhiri ya useja wawe wamejaribiwa vya kutosha na wawe wamepevuka katika nafsi na hisia zao. Hati ya Gaudium et Spes ya tarehe 7 Desemba mwaka huo, katika fungu la 62, yaitaja saikolojia kwa jina miongoni mwa elimu ambazo wachungaji watazitumia. Mwaka 1971 chuo kikuu cha Gregoriana, Roma, kilipata taasisi ya saikolojia chini ya padre Luigi Rulla, Myesuiti aliyekuwa kwanza daktari wa upasuaji. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iliyaweka mambo mawili pamoja: kanuni ya 642 yaruhusu wataalamu waitwe kupima afya na ukomavu wa mwenye kuomba, lakini kwa kuilinda haki yake ya siri iliyomo katika kanuni ya 220, na kanuni ya 630 yarudia katazo la wakuu kuwashawishi watu wafunue dhamiri zao. Mwongozo uliotolewa Roma mwaka 2008, kwa ajili ya wanaoingia upadre, wataka ridhaa iliyo huru, ya wazi, na yenye kujua inachokubali.

Hapa msomaji aweza kuuliza: je, siri yote hii haikuwaficha waovu? Swali ni la haki. Tangu habari za Boston zilipofichuliwa mwaka 2002, dunia imejua kwamba mapadre waliowadhulumu watoto walihamishwa kutoka parokia hata parokia, na wakuu wakijua. Lakini lazima tupambanue. Alilomtendea mtu mtoto si siri ya nafsi. Ni tendo lililotoka nje, nalo lina mwenye kudhulumiwa na lina sheria. Sheria niliyoieleza humlinda mtu asiporwe yaliyo moyoni. Haikuwekwa kamwe ili kuwakinga wakuu na aibu. Waliofanya hivyo waliigeuza juu chini: waliacha milango ya nje bila bawabu.

Namalizia kwa jambo linalowahusu wenzangu wa lugha. Kiswahili husema "siri" kwa mambo matatu yasiyolingana: siri ya maungamo, ambayo padre haruhusiwi kuivunja kwa sababu yoyote, siri ya dhamiri, ambayo mtawa humfungulia kwa hiari mlezi wake wa kiroho, na siri ya mtaalamu, ambayo mwenye kupimwa aweza kuruhusu sehemu yake ipelekwe kwa wakuu. Kijana anayeomba utawa Afrika Mashariki, akiambiwa kabla ya kupimwa kwamba "itakuwa siri," anastahili kujua ni siri ipi kati ya hizo. Asipoambiwa, ridhaa yake ni ya jina tu. Watunga kamusi na wafasiri wa hati za Kanisa wangefanya kazi yenye maana kama wangeyapa mambo hayo majina matatu yaliyo dhahiri, kwa kuwa haki isiyo na jina lake katika lugha ya mtu ni vigumu kwake kuidai.