Wahka wa maumivu

Muulize mgonjwa wa kisukari ambaye neva za miguu zimeharibika, atakwambia nyayo zinawaka moto, zinachoma kama sindano, na papo hapo zimekufa ganzi. Usiku ndiyo balaa. Wengine hata shuka likigusa vidole hawavumilii. Hayo yanatoka kwenye neva. Yapo na yanayotoka mawazoni: kuyafikiria maumivu muda wote, kuona kwamba mwisho wake lazima uwe mbaya, na kujiona huna la kufanya. Matatu hayo ndiyo yanayopimwa na hojaji ya Michael Sullivan na wenzake ya mwaka 1995, yenye vipengele 13, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 4.

Kwa Kiswahili tuiiteje hali hii ya mawazo? Wapo watakaosema "kukuza maumivu". Jina hilo nalikataa kabisa. Kwetu mtu anayekuza mambo ni mtia chumvi, na mwenye maumivu yasiyoonekana tayari anashukiwa nyumbani na kazini kwamba anajidekeza. "Hofu ya maumivu" nayo ni kitu kingine: mtu anaweza kuogopa kukanyaga chini bila kukata tamaa. Napendekeza "wahka wa maumivu". Wahka ni wasiwasi usiotulia, moyo kwenda mbio ukingojea baya, wala haumfanyi mtu mwongo. Upungufu wake ni kwamba ile hali ya kujiona huna la kufanya haisikiki vizuri ndani yake, itabidi ifafanuliwe.

Ufafanuzi huo una faida, kwa sababu watu wawili wenye neva zilizoharibika sawasawa wanaweza kuishi tofauti kabisa: mmoja yuko gengeni anauza mboga, mwenzake hata msikitini haendi tena. Wahka ukizidi mtu huacha kutembea. Asipotembea sukari huwa ngumu kushuka, misuli hulegea, usingizi hupotea, na maumivu huzidi kusikika. Dawa kama amitriptilini au pregabalini huweza kuyapunguza, lakini si lazima zimrudishe mtu gengeni. Hapo huhitajika tiba ya kisaikolojia, mgonjwa ajifunze kuyatambua mawazo hayo na kurudia shughuli zake kidogo kidogo. Asiambiwe tu "usiogope", maana vidonda vya miguu vipo kweli: avae viatu vilivyofunika vidole, na nyayo azikague kila siku.